Gari la Wazi, Debe la Petroli na Kichwa cha Mpagazi

Tuanze na bei, maana ndicho kitu cha kwanza watu huuliza. Mercedes-Benz 300 SL Roadster, lile gari la wazi la viti viwili lililotengenezwa kati ya 1957 na 1963, yalitoka 1,858 tu kiwandani. Leo likiwa zima na lina karatasi zake, mnadani linapita dola milioni moja. Mdogo wake, 190 SL, ni nafuu zaidi, yaani nafuu kwa wenye nazo. Porsche 356 Speedster, ambayo ilipoanza kuuzwa mwaka 1954 ilikuwa ndiyo Porsche ya bei ya chini kwa vijana wa Marekani, sasa wanaigombania wazee wenye mabenki.

Wanaokusanya magari haya hawanunui chuma tu. Wananunua habari za gari: nani alilimiliki kwanza, namba ya injini inalingana na ile iliyoandikwa kiwandani au la, rangi ni ya asili au lilipigwa upya, liliwahi kukimbia mashindano gani. Gari lenye historia kamili linauzwa ghali kuliko pacha wake asiye na makaratasi. Kwa hiyo mkusanyaji, ukimwangalia vizuri, ni mwanahistoria wa aina yake. Ana nyaraka, ana ushahidi, anabishana juu ya tarehe.

Mimi naandika haya nikiwa Mbegani, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, mahali ambapo gari ghali kuliko yote utakaloliona ni la mradi fulani, na aghalabu limejaa vumbi. Lakini gari la wazi la Kijerumani lenye uzito zaidi katika historia ya pwani yetu si 300 SL wala Porsche. Ni gari la mwaka 1907, lilitengenezwa katika mji mdogo wa Gaggenau, likashushwa Dar es Salaam, na likawa gari la kwanza kuvuka bara la Afrika. Habari zake zimeandikwa sana kwa Kijerumani. Ninachotaka tukifanye hapa ni kile anachofanya mkusanyaji: kukagua makaratasi, na kuuliza ni nani hasa aliyelisukuma.

Luteni na gari lake

Paul Graetz alizaliwa mwaka 1875 huko Zittau, Ujerumani, akawa ofisa wa jeshi la kikoloni, lile la Schutztruppe, hapa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alipata wazo ambalo wakati ule lilionekana la kichaa: kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki kwa motokaa. Akaagiza gari maalumu kutoka kampuni iliyoitwa Süddeutsche Automobilfabrik Gaggenau. Chesisi yake iliinuliwa juu kuliko kawaida ili lipite kwenye mawe na visiki, na likawekewa nafasi ya kubebea akiba kubwa ya mafuta na maji.

Usifikirie kwamba lilikuwa la wazi kwa ajili ya starehe na upepo. Mwaka 1907 karibu magari yote yalikuwa ya wazi. Bodi la kufunikwa lilikuwa zito, ghali, na injini za wakati ule hazikuwa na nguvu za kubeba anasa. Mvua ikija, unakunjua turubai. Ule uwazi ambao wakusanyaji wa leo wanaulipia mamilioni ulianza kama ukosefu wa paa.

Graetz aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907. Alipita Morogoro na Mpwapwa, akashika njia ya bara, akaizunguka ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika na kuingia katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kutoka hapo Zimbabwe ya leo, halafu Botswana na jangwa la Kalahari, halafu Namibia. Alifika Swakopmund, kwenye Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Jumla kama kilomita 9,500. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake cha safari, *Im Auto quer durch Afrika*, na jina lake likaingia kwenye vitabu vya rekodi kama mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari.

Mpaka hapo ni hadithi nzuri ya ushujaa wa mtu na mashine. Sasa hebu tuchukue kalamu tupige hesabu.

Kutoka 10 Agosti 1907 hadi 1 Mei 1909 ni siku 630 (1908 ulikuwa mwaka mrefu, msisahau ile 29 Februari). Gawanya 9,500 kwa 630. Unapata kilomita 15 kwa siku.

Kilomita 15! Msafara wa wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, safari ya kilomita kama 1,200, ulitumia kama miezi mitatu au zaidi, pamoja na siku za kupumzika, siku za kudaiwa hongo na siku za kungoja mito ipungue. Ukigawanya unapata kilomita 13 hivi kwa siku. Kwa maneno mengine, gari la kwanza kuvuka Afrika, kwa wastani, lilikwenda mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani.

Mwenye haki atasema namwonea Graetz, kwani ndani ya zile siku 630 kuna miezi aliyokaa bure akingoja vipuri kutoka Ujerumani baada ya injini kuharibika. Ni kweli. Lakini kungoja kipuri ni sehemu ya kusafiri kwa gari, muulize mtu yeyote mwenye Fuso. Mpagazi naye aliumwa, alichoka, alikaa chini. Tukihesabu mapumziko ya mmoja tuhesabu na ya mwingine.

Tena haikuwa mara ya kwanza bara kuvukwa, wala kwa mbali. Msafara wa wafanyabiashara kutoka Zanzibar ulikwishafika Benguela, Angola, mwaka 1852. Mwingereza Verney Lovett Cameron alitoka hapahapa Bagamoyo mwaka 1873 na kufika pwani ya Angola mwaka 1875, na msafara wake ulibebwa na watu. Graf von Götzen, ambaye baadaye alikuwa gavana wa koloni hili, alianza Pangani mwezi Desemba 1893 na kufika upande wa Atlantiki kupitia Rwanda na Kongo mwishoni mwa 1894. Karibu mwaka mmoja kwa miguu, na njia yake, ingawa fupi kuliko ya Graetz, ilikatiza msituni. Gari lilikuja baadaye na likatumia miezi 21.

"Wese alijazia wapi?"

Kuna mzee mmoja fundi magari hapa kijijini, mtu wa injini za zamani, nilimsimulia habari za Graetz siku moja tukiwa tumekaa kibarazani kwake. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwaga yote: tarehe, kilomita, Swakopmund. Nilitegemea atashangaa. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza: "Sasa mwanangu, na wese alikuwa anajazia wapi?"

Hilo ndilo swali. Wanahistoria wengi wa magari wanalipita haraka kwa sentensi moja: Graetz aliandaa akiba za petroli njiani kabla ya kuondoka. Basi. Kana kwamba petroli inatembea.

Mwaka 1907 vituo vya mafuta, kama tunavyovijua leo, havikuwepo Tanganyika, na hata Ulaya vilikuwa bado. Bertha Benz, mke wa yule Carl Benz aliyesajili hataza ya gari lake tarehe 29 Januari 1886, alipofanya safari ndefu ya kwanza ya gari mwaka 1888 kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mafuta yalimwishia njiani ikabidi anunue kwenye duka la dawa mji wa Wiesloch. Walikuwa wanauza kile kimiminika kwa ajili ya kusafishia madoa. Bertha alikuwa na bahati, duka la dawa lilikuwepo. Kati ya Mpwapwa na Ziwa Tanganyika ungemkuta nani?

Petroli ya wakati ule, kama mafuta ya taa, ilisafirishwa ndani ya debe. Neno hilo unalijua: ndiyo debe hilohilo la mahindi sokoni, lililokuja kuwa kipimo cha nchi nzima kwa sababu yale makopo ya bati, yakishamaliza mafuta, yalikuwa vyombo vizuri mno vya kutupa. Debe moja linachukua kama lita 19. Yalifungwa mawilimawili ndani ya kasha la mbao. Petroli ni nyepesi kuliko maji, lita moja ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo debe moja ni kilo 14, mawili ni 28, ongeza bati na mbao za kasha unapita kilo 30.

Angalia hiyo namba. Mzigo wa kawaida wa mpagazi kwenye njia ya Bagamoyo ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Kasha moja la petroli lilikuwa sawasawa na kichwa kimoja.

Tuendelee. Tuseme gari lile, kwenye mchanga na majani, lilikula lita 25 kwa kilomita 100. Haya ni makadirio yangu ya kutusaidia kuona ukubwa wa jambo, wala hayapotoki sana kwa injini za wakati huo kwenye njia mbaya. Kwa kilomita 9,500 zinahitajika lita 2,375, yaani makasha 63. Kule kusini reli ilikuwepo sehemu fulani na mikokoteni ya ng'ombe pia. Lakini huku kwetu, ng'ambo ya reli, kasha la petroli lilifika akibani kwa njia moja tu.

Na mpagazi naye anakula. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, robotatu ya kilo hivi kasoro kidogo, ambacho kina nishati ya megajuli 10. Ukimtuma apeleke kasha kilomita 600 bara, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku, anakwenda siku 30 na kurudi siku 30. Vibaba 60, megajuli 600. Ndani ya kasha lake kuna lita 38 za petroli, kila lita megajuli 32, jumla megajuli 1,200 na kidogo. Kwa hiyo kabla injini haijawashwa, nusu ya nishati iliyomo ndani ya petroli imekwishatumika tena upya, kwa njia ya mtama na miguu.

Kuna hesabu nyingine niliipenda zaidi, na naomba uirudie mwenyewe kama huniamini. Mpagazi anabeba kilo 30 kwa kilomita 20 kwa kibaba kimoja. Hizo ni kilo-kilomita 600 kwa megajuli 10. Gari, tuseme lina mzigo wa kilo 400, linakwenda kilomita 4 kwa lita moja. Hizo ni kilo-kilomita 1,600 kwa megajuli 32, au 500 kwa megajuli 10. Mpagazi anashinda. Si kwa mbali, na kwenye lami angeshindwa vibaya sana, ila kwenye njia ya 1907 mwili wa binadamu ulikuwa mashine bora ya usafirishaji kuliko injini ya Gaggenau. Sababu zake ni za fizikia. Injini ya petroli ya enzi hizo iligeuza sehemu ndogo tu ya nishati yake kuwa mwendo, nyingine yote ikatoka kama joto kupitia ekzosi na rejeta. Kwenye mchanga gari linakwenda polepole huku injini inahangaika, upepo wa kupoza rejeta haupo, maji yanachemka. Na kwenye uwanda wa Ugogo, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka mapema zaidi, kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Wasafiri wa zamani waliiogopa Marenga Mkali, nyika kavu kati ya Mpwapwa na Ugogo, wakaivuka kwa *tirikeza*: unaanza kutembea mchana, unaunganisha usiku, hulali mpaka ufike kwenye maji. Gari haliwezi tirikeza. Nalo lina kiu kuliko punda.

Kwa nini si farasi?

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini Wajerumani wasitumie farasi na magari ya ng'ombe kama kila mahali duniani? Jibu ni mdudu. Mbung'o, wengine mnamwita ndorobo, alieneza nagana katika sehemu kubwa ya nchi. Farasi anayepita pori lenye mbung'o hufa, ng'ombe vilevile. David Bruce ndiye aliyeonyesha mwaka 1895, kule Zululand, kwamba chanzo ni kijidudu kinachoogelea kwenye damu, tripanosoma. Mwaka 1906 na 1907, wakati gari la Graetz linaandaliwa, Robert Koch mwenyewe alikuwa Afrika Mashariki, visiwa vya Sese vya Ziwa Viktoria, akijaribu dawa ya atoksili kwa wagonjwa wa malale, binamu wa nagana anayeua watu.

Kwa hiyo mpagazi wa njia ya Bagamoyo hakuwepo kwa sababu watu wa huku walikuwa hawajui gurudumu, kama vitabu vingine vya zamani vilivyopenda kudokeza. Alikuwepo kwa sababu yeye ndiye mnyama pekee wa mizigo aliyeweza kupita salama kwenye pori la mbung'o. Injini haina damu, mbung'o haipati kitu. Kwa mkoloni huo ndio ulikuwa uzuri wa motokaa, na hapo simlaumu Graetz, alikuwa anaona sawasawa. Alichokuwa hajakiona, au hakutaka kukiona, ni kwamba injini ilihitaji barabara, na barabara ilihitaji watu.

Barabara inatoka wapi

Mwaka 1907 haukuwa mwaka wowote tu. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima, vikazimwa kabisa mwaka huohuo wa 1907. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala, yanaanzia 75,000 na kufika hadi karibu 300,000. Jeshi lenyewe ni lile aliloltumikia Graetz. Kusini mwa njia yake palikuwa na vijiji vitupu.

Malalamiko yaliyowasha vita vile hayakuwa ya pamba peke yake. Kulikuwa na kodi ya nyumba, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1890, na asiyekuwa na rupia (au hela, sarafu iliyoletwa 1904 na kutuachia neno) alilipa kwa kufanya kazi. Kazi gani? Mara nyingi barabara. Kufyeka, kusawazisha, kujaza mashimo, kutengeneza vivuko. Njia ambayo motokaa iliweza kupita mwaka 1907 ilifunguliwa kwa mikono hiyo, na pale ilipokuwa haijafunguliwa, watu waliitwa kutoka vijiji vya jirani. Picha za safari ya Graetz zinaonyesha hilo bila aibu: gari limekwama mtoni au kwenye matope, kamba ndefu imefungwa mbele, na mstari wa watu wanalivuta. Graetz amepigwa picha akiwa na jina. Wao wamepigwa picha wakiwa mgongo.

Hapo ndipo nawakumbuka wakusanyaji wetu wa magari. Mtu anayelipa dola milioni kwa 300 SL atakuambia jina la aliyelipaka rangi. Hakuna anayeuliza jina la aliyevuta kamba Mpwapwa, na sasa hata ukiuliza umechelewa.

Lakini si kweli kwamba upande wetu haukuandika. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo hii, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Kama unataka kujua safari ya bara ilivyokuwa, jinsi mtu anavyojiandaa, anavyotafuta mizigo na wapagazi, kazi ya kirangozi anayetangulia mbele, anza naye. Mwaka 1905 Mtoro alijaribu kurudi nyumbani pamoja na mke wake, Mjerumani. Serikali ya Götzen, yule aliyevuka bara kwa mabega ya watu, ilikataa wanandoa hao wasishuke pamoja katika koloni. Wakarudishwa Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Miaka miwili tu baada ya Mbagamoyo kuzuiwa kushuka kwenye pwani yake mwenyewe, gari la Gaggenau likashushwa bandarini Dar es Salaam na kupokelewa kwa shangwe.

Kwa nini Dar, si Bagamoyo

Hili ni suala la kina cha maji zaidi ya kitu kingine. Ukija Bagamoyo maji yakiwa yamekupwa utaona mwenyewe: bahari inarudi nyuma mno, mchanga unabaki mtupu, majahazi yamelala ubavu. Kwa jahazi si tatizo. Kwa meli ya chuma ni tatizo kubwa, lazima itie nanga mbali na mizigo ishushwe kwa mashua, halafu watu waingie majini kuipokea. Pembe za ndovu zinapitishika hivyo. Motokaa, thubutu. Wajerumani walihamisha makao yao makuu kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, kwenye ghuba yenye kina, na reli ya kati ikaanza kujengwa kutokea huko mwaka 1905.

Reli ndiyo iliyomaliza mchezo. Ilifika Morogoro Desemba 1907, miezi minne tu baada ya Graetz kupita. Ilifika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Njia ya Bagamoyo, iliyokuwa na karavanserai, maghala na maelfu ya Wanyamwezi wakija na kuondoka kila msimu, ikafa kimyakimya. Si gari lililoiua. Gari, kwa miaka mingi baadaye, lilikuwa kitu cha kuonyesha.

(Kwa wale mtakaouliza: ndiyo, Mbegani ina maji yaliyotulia zaidi kuliko ufukwe wa mji, kwa sababu ya ile rasi iliyo mbele yake, na ndiyo maana chuo cha uvuvi kikajengwa hapa. Ndiyo maana pia mpango wa bandari kubwa ya Bagamoyo, uliotiwa saini 2013, ukawekewa jiwe la msingi 2015 na kusimamishwa 2019, ulilenga hapahapa. Hiyo ni makala nyingine, na nitaiandika nikipata ujasiri.)

Gaggenau baadaye

Kampuni iliyotengeneza gari la Graetz haikudumu kwa jina lake. Benz, kampuni ya yule Carl wa 1886, ilikwishaanza kuingia ubia nayo mwaka 1907, na mwaka 1910 ikaimeza. Benz na Daimler zikaungana 1926, ndipo Mercedes-Benz. Kwa hiyo 300 SL ya mnadani na gari la 1907 ni ndugu wa ukoo mmoja, ingawa mmoja amekaa kwenye zulia. Kiwanda cha Gaggenau chenyewe kikahamia kwenye magari ya kazi: kuanzia 1951 hadi 2002 ndiko ilikotoka Unimog, lile gari la mashamba na majeshi lenye chesisi iliyoinuliwa juu. Sina ushahidi kwamba wazo lilitoka kwa Graetz na sitaki kulibuni, lakini mtu akiniambia Gaggenau walijifunza kitu Ugogo sitabisha sana.

Graetz naye hakutulia. Mwaka 1911 na 1912 alijaribu kuvuka Afrika tena, safari hii kwa boti ya injini, na mwenzake Mfaransa aliuawa na nyati njiani. Yeye aliishi mpaka 1968.

Kipimo halisi cha motokaa katika nchi hii kilikuja 1914, vita vilipoanza. Majeshi ya Uingereza yalikuja na magari, farasi na nyumbu. Magari yakazama kwenye matope ya masika, farasi na nyumbu wakafa kwa mbung'o kwa maelfu. Miaka saba baada ya Graetz kuondoka Dar es Salaam na injini yake, jeshi la dola kubwa kuliko zote duniani likarudi kwenye mashine ileile ya frasila mbili. Waingereza waliandikisha wapagazi karibu milioni moja, kwa hiari na kwa nguvu, na idadi rasmi ya waliokufa inakaribia laki moja, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Pale walipopiga kambi Dar es Salaam, watu wa mji walilitamka jina hilo kwa namna yao, na ndivyo tulivyopata Kariakoo, ambako leo ukitafuta rejeta, pistoni au kabureta ya gari la zamani, unaambiwa panda ngazi, duka la tatu mkono wa kushoto.